Sigara ya Fundi Viatu

Fundi viatu aliyekaa pembeni mwa duka alikuwa na vidole vyenye rangi ya gundi na moshi, na kikohozi chake kilifika kabla yake. Kila asubuhi, kabla hajatandaza nyundo na misumari, alimjia mama wa duka kununua sigara moja, akainusa kwanza, kisha akaiwasha huku amegeuza uso asimpulizie mtu. Uchumi ulipoyumba, watu waliacha kushonesha viatu, na papo hapo serikali ikapandisha kodi ya sigara. Wateja wakafoka pale barazani. "Watu hawana kazi, halafu wanatukamua mpaka kwenye moshi!" alisema dereva mmoja. Mama alitegemea fundi aunge mkono, maana siku hizi aliikata sigara yake kwa kisu chake cha kukatia ngozi, nusu ya asubuhi, nusu ya jioni.

Fundi alikohoa mpaka machozi yakamtoka. "Mimi naona waongeze tena," alisema. "Mke wangu amenisihi, daktari amenionya, nimeshindwa. Labda bei itaniweza." Kesho yake akaja kama kawaida, mkono wenye sarafu umeshafika dirishani. "Leo zimekwisha, fundi," alisema mama, na pakiti nzima inaonekana kwenye rafu nyuma ya bega lake. Fundi aliitazama ile pakiti, akamtazama mama, kisha akairudisha sarafu mfukoni taratibu. "Basi, mama," akasema, "na kesho zisiwepo."