Kipngeno na Ndege wa Mama

Ndugu yangu Kipngeno anajua kila kitu. Muulize tu. Alikaa Olkaria miaka tisa akichomelea mabomba ya mvuke kwenye mitambo ya umeme, kandarasi ikaisha, akarudi hapa Njoro akafuga kuku mia mbili wa mayai. Tangu siku hiyo kila kitu chenye mabawa ni mwanafunzi wake. Hata mwewe akipita juu, Kipngeno atakueleza anakosea wapi.

Mimi ni dada yake mkubwa, Cheptanui. Mimi ndiye ninayemwogesha mama yetu, ninayemlisha na kumgeuza kitandani tangu apatwe na kiharusi mwezi wa Novemba. Ugonjwa ulichukua mkono wake wa kulia na maneno yote. Daktari alisema maneno yanaweza kurudi, tumwongeleshe. Nilimwongelesha mpaka koo likakauka. Wapi! Alikuwa ananiangalia tu.

Aprili, binti yangu Joan alikuja kutoka chuoni na marafiki wawili, na ndege mdogo wa kijani ndani ya kizimba cha waya. Wanamwita baji. Ni kasuku mdogo, mkubwa kidogo tu kuliko kidole gumba changu, ukiacha mkia. Akamtundika karibu na kitanda cha mama. Siku ya tatu nikasikia sauti chumbani. "Kiptoo," mama alikuwa anasema. "Kiptoo." Hilo ni jina tunalompa mtoto wa kiume aliyezaliwa nyumba ikiwa na wageni. Mama alikuwa amempa ndege jina! Nililia pale jikoni, sioni haya kusema. Kuanzia hapo kila asubuhi alimnong'oneza maneno mawili matatu. Sisi watu hakutupa hata moja, lakini niliona mlango umefunguka, na niliapa huyo ndege hafi mikononi mwangu.

Joan alibandika karatasi ukutani. Maji safi kila siku. Mtama na ulezi, na jani la sukuma wiki lililooshwa vizuri. Avokado, hata kidogo, hapana. Akae mbali na jiko na moshi wowote. Mambo ambayo mtoto wa nasari angeyashika.

Kipngeno alisoma akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama Joan, sasa ndege naye ana menyu? Anataga?"

"Ni dume," nikamwambia.

"Basi anakula bure."

Huyo anayesema hivyo alikuwa anakula kwangu mara tatu kwa siku. Kesho yake nikakuta chakula cha vifaranga kwenye kisahani cha Kiptoo, na pilipili ikielea kwenye maji yake. Eti ndiyo kinga. Kwa kuku tunaweka, sikatai, hata marehemu baba alikuwa anaweka. Lakini huyu hakugusa maji mchana kutwa. Nilimwaga, nikaosha kisahani, nikamwambia Kipngeno asikanyage hicho chumba bila mimi. Akaniambia nalea ndege kama mzungu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Julai ikaja na baridi yake ya Njoro, ile ya kuuma meno. Asubuhi moja ilibidi niende kuchukua dawa za mama, nikamwacha Kipngeno nyumbani. Masaa mawili tu. Akamkuta Kiptoo amejikunja, manyoya yamefura, na profesa wetu akajua la kufanya. Vifaranga wakiona baridi huwekewa jiko la makaa, si ndiyo? Akaleta jiko, akaliweka chini ya kizimba. Akaziba dirisha kwa gunia, akafunga mlango joto lisitoke, akaenda kuokota mayai.

Hata kwenye kibanda cha vifaranga huwa tunaacha nafasi juu hewa ipite. Yeye mwenyewe ndiye huwafundisha majirani! Na huko Olkaria alitembea miaka tisa na kifaa kifuani kinacholia gesi mbaya ikizidi. Miaka tisa! Ng'ombe angekuwa ameelewa.

Nilikuwa nafungua geti niliposikia, "Kipngeno! Kipngeno! Kiptoo ameanguka!"

Ilikuwa sauti ya mama. Kipngeno alitoka kwa kuku mbio, trei ya mayai ikaanguka huko. Tukamvuta mama na godoro lake hadi nje kwenye nyasi. Alitapika, akashika kichwa, halafu pumzi ikatulia. Kule zahanati daktari alituambia gesi ya makaa ilimzidi ndege mapema kwa sababu ya udogo wake, na kama mama hangeita, tungekuwa tunaongea habari ya jeneza. Kiptoo tulimkuta sakafuni mwa kizimba, miguu juu.

Nilimtukana Kipngeno siku hiyo. Nilimwita mjinga, nikamwita muuaji, nikamwambia hata kuku wanamfuga yeye. Alisimama hapo analia kama mtoto, kamasi na yote. Sikumhurumia. Bado simhurumii.

"Wacha," mama akaniambia. Hilo moja tu. Kisha akamgeukia. "Kipngeno, kuja hapa."

Siku hizi kila asubuhi akimaliza kuku anakuja kuketi kando ya kitanda. Mama anamgombeza, anamwita bure kabisa, anamuuliza habari za mayai, na maneno yanaongezeka kila wiki. Juzi nilimsikia mama akicheka. Kipngeno ameua ndege wa mama, karibu amuue mama mwenyewe, na ndiye anayeongeleshwa. Mimi nasikiliza kutoka jikoni maji yakichemka. Nikiingia na beseni, mama ananyamaza, ananinyooshea mkono nimwoshe.