Mchungaji Wetu Katika Shamba la Muguka

Shangazi na binamu zangu wa Nakuru, mnisamehe mwandiko huu ulioinama na maneno niliyokosea. Niliishia darasa la nane na naandika polepole, lakini kusimulia mbele ya watu siwezi.

Tulienda Mbeere kumposea kaka yangu Mwenda. Mzee Njeru, baba ya Wanjira, msichana ambaye Mwenda anataka kumwoa, alikuwa ametukataa mara ya kwanza. Sasa tukamwomba Mchungaji atusemee, kwa sababu kabla ya kuvaa kola alikuwa mwalimu huko na alimfundisha Mzee Njeru. Mwenda alikuwa hali wala halali.

Asubuhi tulitoka Kaaga, hapa kwetu Meru, kwa pikapu ya Mchungaji. Njiani alitufundisha kama darasa. "Mwenda, nyoosha mgongo. Kendi, ukicheka nitakutoa nje." Kunitoa mimi nje ya gari!

Mitunguu tulinunua ndizi, na Mchungaji akabishana na muuzaji mpaka jua likapanda na tukachelewa. "Msijali," akasema. "Njeru hawezi kunikatalia."

Kupita Ishiara joto lilikuwa kali. Mama alivua sweta zote mbili.

Tulipofika, Mzee Njeru alitukaribisha uji. Kisha akauliza, "Mwalimu, nikichelewa shule ulikuwa unanipeleka wapi?"

Mchungaji akakohoa. "Kupalilia maharagwe yangu."

"Leo nani amechelewa? Jembe lile pale."

Shamba lilikuwa la muguka, majani yale yale ya kutafuna ambayo Mchungaji huyakemea kila Jumapili! Mchungaji akavua kola, akampa mama, akaingia shambani.

"Pole pole, Mwalimu, usikate mizizi!" Mzee alipaza sauti kutoka kivulini. "Na usionje!"

Wanjira alikimbilia jikoni kucheka. Mimi niliuma leso.

Mwisho wa mstari Mchungaji alijinyoosha, jasho likimtoka, akasema kwa adabu, "Nimemaliza, Mwalimu."

Mzee Njeru alicheka mpaka akashika kiti. "Wanjira! Chinja kuku. Hawa ni watu wetu sasa."

Jioni tulirudi Meru, Mwenda akiimba vibaya sana. Nimejifunza kwamba posa si maneno matamu tu, wakati mwingine ni kiuno. Jumapili iliyofuata Mchungaji hakutaja muguka. Alihubiri juu ya uvumilivu, akiwa ameketi.

Niandikieni, hata mistari miwili, mniambie kama mtakuja harusini.