Undugu wa Mfuko Mmoja wa Damu

Ujinga niliofanya wiki iliyopita hapa mtaani kwetu Mabela sina wa kumsingizia. Mke wa jirani yangu Seif, Bi Zuwena, alipasuliwa, nami, ambaye safari yangu ndefu ni kutoka kwenye kochi hadi jikoni, nikaenda kumtolea damu. Nikawaza: maziwa ya kunyonya yanafanya watu ndugu, seuze damu! Basi aliporudi nyumbani nikaingia kwao bila hodi, nikaita, “Dada yangu, hujambo?”

Bi Zuwena, kichwa wazi, akapiga yowe na kujifunika kitambaa cha meza. Vikombe vya kahawa vyote chini.

Seif akatoka chumbani mbio. “We Nassor! Nimeuliza hospitali. Damu yako wameitenga mafungu matatu, kila fungu kapewa mgonjwa wake, na mke wangu hayumo. Toka nje upige hodi kama watu!”