Walivyonipeleka Kupumzika

Nilikuwa nimesimama mbele ya kina mama wa Kibara, nikieleza binti anayekimbia kukeketwa apelekwe wapi, maneno yakanikatika. Sikuanguka. Nilibaki tu nikizitazama nyuso zile, nisijue nilikuwa nasema nini. Mwenzangu mmoja, muuza samaki wa Musoma tuliyeanzisha naye kikundi chetu cha kupinga ukeketaji, akainuka akaendelea pale nilipoishia, kana kwamba tulikuwa tumepanga hivyo.

Mimi ni fundi cherehani mjini Musoma. Wakati ule siku za kazi nilishona sare za shule, Jumamosi nilikwenda kuelimisha watu Kiriba, Jumapili nikitoka kanisani naelekea Bunda. Desemba ikikaribia, msimu wenyewe wa ukeketaji, simu ya kikundi ilikuwa hainyamazi, na nililala nayo chini ya mto. Watu walinisifu kwamba sichoki. Nilizipenda sifa hizo. Huku nyumbani, binti yangu alizoea kula peke yake.

Tuliporudi kutoka Kibara, wenzangu walikuja kwenye kibanda changu cha ushonaji. Nilidhani tunapanga safari nyingine. Muuza samaki akasema wameshakubaliana: shule zikifungwa nimchukue binti yangu, twende kwa mama yangu Butiama, na simu nimwachie yeye. Nikauliza kama wananifukuza.

"Hatukufukuzi, dada," akasema. "Tunataka na mwakani uwepo."

Mwenzetu mwingine anayejua kushona alikuwa ameshakalia kiti changu, anaulizia vipimo.

Butiama, mama hakuniuliza kitu. Alinipa ugali wa mtama na maziwa mgando, akanionyesha kitanda. Siku za mwanzo nilishtuka kila simu ya jirani ilipolia. Kisha usingizi ukanijia, nikawa nalala hata mchana, na nikiamka namkuta binti yangu na bibi yake wamekaa kivulini wanabangua karanga. Nikakaa nao. Siku hizo ndipo nilipojua kwamba mwanangu anapenda hesabu na anaogopa radi.

Nilikuwa gulioni nilipokutana na mama mmoja wa Musoma, akanipongeza kwa kazi ya wiki ile. Kazi gani? Akashangaa kuona sijui. Kumbe binti mmoja alikimbia kijijini kwao akafika kwenye kibanda changu, na ndugu zake wakamfuata wakitaka kumrudisha. Wenzangu walikaa mlangoni wote, wengine na aproni zao za samaki, hawakupisha mtu mpaka polisi na ofisa wa ustawi wa jamii walipofika. Binti akapelekwa nyumba salama.

Niliazima simu, nikampigia muuza samaki. Nikamuuliza kwa nini hawakuniambia.

"Tungekuambia, ungekuja."

"Ningekuja, ndiyo."

"Sasa si ndiyo sababu," akajibu taratibu.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Nilijiambia nimekasirika kwa sababu ya hatari waliyoipitia, lakini kilichoniuma ni kwamba kibanda kilikuwa changu, na waliosimama mlangoni walikuwa wengine. Nikamsimulia mama. Akaniuliza jambo moja tu: kama yule mtoto amepona. Nikasema amepona.

"Basi," akasema, akaendelea na karanga zake.

Shule zilipokaribia kufunguliwa tulirudi Musoma. Kwenye kikao cha kwanza niliomba kupumzika kuwe kwa zamu, na nikasema anayefuata ni muuza samaki. Alikuja juu kuliko nilivyokuja mimi. Nani atasimamia meza yake sokoni? Tukamwambia sisi.

Alienda kwa dada yake Bunda. Mimi nilishika meza yake asubuhi, kabla ya kufungua cherehani. Nilipara sato vibaya sana, wateja wakacheka, wengine wakaninyang'anya kisu wakajiparia wenyewe. Aliporudi, mashavu yamejaa, aliikagua meza na kusema nimemharibia wateja. Kisha akavaa aproni yake, akaniambia niende nikashone.