Gundi ya Kadi za Noeli

Safari yangu ya kwenda Bagamoyo ilichukua siku tano. Nilikuwa na miaka kumi, na mvua ilikuwa imetukataa Ugogo kwa mwaka wa pili. Ng'ombe walikuwa wanakufa mmoja mmoja, na baba akaamua kunipeleka pwani kwa dada yake. Mjomba ndiye aliyenisindikiza. Tulitembea siku moja na nusu hadi stesheni, tukalala sakafuni tukingoja gari moshi. Kutoka hapo tukasafiri hadi Dar es Salaam, tukapumzika Kariakoo kwa mtu wa kwetu aliyekuwa kuli bandarini, kisha tukadandia lori lililokuwa likienda kuchukua mbata. Kwenye mto Mpiji lori lilizama matopeni, abiria wote tukashuka kusukuma. Ndiyo maana niliingia Bagamoyo nikiwa matope mwili mzima. Shangazi alinitazama, kisha akamuuliza mjomba, "Sasa huyu ni mtoto, au ni chungu ambacho hakijachomwa?"

Nimehamahama sana tangu siku hiyo. Nimekaa Tabora, nimekaa Mwanza, nimekaa Tanga, na sasa nimevuka arobaini bila kuwa na mahali ninapoweza kupaita kwangu. Lakini popote ninapokuwa, Desemba ikifika na maduka yakapanga kadi za Noeli zenye picha za theluji, huchukua moja na kupitisha kidole juu yake. Huwa laini kabisa. Hainuki chochote. Nairudisha, mwenye duka ananitazama vibaya, natoka.

Wewe uliyekulia pwani miaka ile ya vita vya pili vya dunia utanielewa. Shangazi alikuwa ameolewa na seremala wa misheni, na nyumba yetu ilitenganishwa na ya jirani kwa ua wa makuti tu. Jirani alikuwa mjane, mshona kofia, na alikuwa na binti mmoja wa rika langu. Asubuhi ilianza kwa adhana, ikafuata kengele ya misheni, halafu mbuzi za kukunia nazi zikaanza kukwaruza nyumba hadi nyumba. Mimi niliyezoea ugali wa uwele na mlenda nilijifunza kula wali wa nazi na kunde, na papa mkavu ambaye mwanzoni nilidhani ameoza. Watoto hawakuniacha. "Huyu mtu wa bara," walikuwa wakisema, "mpe pweza uone, atatafuta mifupa."

Kabla ya vita, kadi za Noeli zilikuwa zikija kwa meli kutoka Ulaya. Padri aliwapa wagonjwa hospitalini, na nyingine alizipeleka kwa baiskeli katika vigango vya mbali, huko upande wa Lugoba. Vita vilipozuia meli, mwalimu wetu, mtu mrefu mwenye koti moja la mwaka mzima, alisema tutazitengeneza wenyewe. Arobaini, tena nzuri. Aliweka meza ndefu nyuma ya darasa, na kuanzia Novemba tukawa tunakaa hapo kila alasiri. "Gundi haimpendi mwenye haraka," alituambia kila tulipoanza.

Kila mmoja alileta alichopata. Karatasi ngumu tulizikata kwenye makasha ya sabuni na migongo ya kalenda kuukuu. Ndani ya makasha ya chai mlikuwa na karatasi ya fedha, tuliyoinyoosha kwa mgongo wa kijiko mpaka ikang'aa. Fundi cherehani alitupa mabaki ya kanga. Rangi ya manjano ilitoka kwenye binzari, ya samawati kwenye bluu ya kufulia, nyeusi kwenye masizi ya sufuria. Kondoo tuliwabandikia sufi ya msufi iwe manyoya yao. Hori la Mtoto Yesu tulilisuka kwa ukindu, kijamvi cha upana wa vidole viwili, na juu yake ilikaa nyota ya magamba ya samaki, yaliyooshwa kwa ndimu na kuanikwa siku tatu yasinuke. Tulipaka gundi chini, tukanyunyiza mchanga wa pwani uliochekechwa kwa kitambaa, ikawa ardhi ya Bethlehemu. Kadi moja ilikuwa nzito kama andazi.

Binti wa jirani hakuwa mwanafunzi wa misheni. Asubuhi alikwenda chuoni kusoma Kurani, jioni alikaa nasi barazani akimsaidia mama yake kofia. Jioni moja alinikuta nikihangaika na ukindu.

"Hilo hori," aliuliza, "au kiota cha kunguru?"

Akaichukua kadi, akachomoa sindano kwenye kofia, akatoboa vitundu vidogo kuuzunguka ukingo na vingine juu ya hori, kwa mpango uleule wa kofia za mama yake. Uliponyanyua kadi ile dirishani, mwanga ulipenya na nyota ya pili ikaonekana, ambayo kabla yake hukuiona. Mwalimu aliitazama muda mrefu, akauliza nani katoboa. Nikamwambia. "Mwombe atoboe zote," akasema.

Shangazi alikwenda kwa yule mjane kuomba ruhusa. Mama yule alicheka. "Sindano ni sindano tu, shoga yangu. Ila asije akaniletea nyimbo zenu ndani."

Basi yeye akawa wa sindano na wa kupanga magamba, mimi nikawa wa gundi. Kazi ya gundi nilipewa na mwalimu mwenyewe, na sijawahi kupewa cheo kilichonifurahisha kama kile. Nilikwenda kwenye mikorosho ya misheni, nikabandua vipande vya utomvu vilivyogandia kwenye magome kama asali ngumu, nikavilowesha katika maji ya moto. Gundi ile ilishika kila kitu. Lakini mwaka wangu wa pili pale, vuli ilikuja kwa nguvu. Siku nane kabla ya Noeli nilizunguka mikorosho yote nikaikuta imeoshwa, haina hata tone. Kadi ishirini na mbili zilikuwa tayari, kumi na nane bado. Tulijaribu uji wa muhogo, magamba yakadondoka.

"Basi," mwalimu akasema, "zilizobaki zitakwenda bila nyota." Hakunilaumu. Mwanafunzi mmoja ndiye aliyecheka: "Si mlimpa mtu wa bara mikorosho?"

Kwetu tuna gundi nyingine. Babu yangu alikuwa akichemsha utomvu wa mnyaa na unga wa mkaa, akautumia kukazia kisu katika mpini, na kisu kile hakikuchomoka tena. Alinifunza pia masharti yake: usijiguse uso, jipake mafuta mikononi, kisha jisugue kwa majivu, ndipo unawe. Bagamoyo ulikuwapo ua wa minyaa kuzunguka zizi la mbuzi, na kila mtoto aliambiwa asiucheze kwa sababu maziwa yake yanapofua. Nilikwenda peke yangu, nikakinga utomvu kwenye kopo, nikaupika nyuma ya zizi.

"Nimepata mkorosho mmoja ambao mvua haikuufikia," nilimwambia binti wa jirani alasiri ile, barazani kwetu.

Alichungulia kopo. "Mbona nyeusi?"

"Nimeichemsha sana."

"Inanuka."

"Ulitaka inuke asumini?"

Akacheka, akakunja mikono ya gauni lake. Mimi nilipaka gundi kwa kijiti, yeye akapanga magamba kwa ncha za vidole, moja baada ya jingine.

Rafiki yangu, hapa ndipo kila mara natamani kuiruka habari hii. Nilikuwa najua. Nyuma ya mlango nilikuwa nimeficha kifuu chenye mafuta ya nazi na majivu ndani ya karatasi, kwa ajili ya mikono yangu mwenyewe. Kumwambia anawe kungekuwa sawa na kumwambia kwamba nimemdanganya. Nikachovya kijiti tena. Tulimaliza kadi zote kumi na nane, na nyota zake zilishika kama misumari. Alijipangusa jasho kwenye paji la uso, halafu akafikicha macho.

Baada ya muda akasema, "Kuna mdudu ameniingia." Alikwenda kwao amejifunika kanga usoni.

Kesho yake hakutoka. Msimu ule maradhi ya macho mekundu yalikuwa yakitembea nyumba kwa nyumba, na mama yake aliamini ndiyo hayo. Alimlaza chumbani penye giza, akawa anampangusa kwa chai baridi. Mtoto alimwambia habari ya gundi, na mama akajibu, kama ambavyo mtu yeyote wa pale angejibu, kwamba gundi ya mkorosho haijapata kumuumiza mtu. Nilipita mlangoni pao asubuhi na jioni, nikatoa shikamoo, nikaitikiwa.

Siku ya tatu, mchana, shangazi alipakua wali. Nikamsikia yule binti akigumia ng'ambo ya makuti. Hakuwa akilia kama watoto wanavyolia. Ilikuwa sauti ya mtu mzima aliyechoka. Nikalirudisha tonge kwenye sahani. Nikainuka.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu. Usiingie chumbani, macho yanaambukiza."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Hayaambukizi, mama. Ni mnyaa."

Aliweka kofia chini. "Mnyaa gani?"

"Ile gundi. Niliipika ya mnyaa, nikamwambia ya mkorosho."

"Lini?"

"Juzi."

Hakunipiga, ingawa nilikuwa nimejitayarisha. Alinitazama tu. "Na siku zote hizi unapita hapa mlangoni, unaniamkia, na mnyaa umo kinywani mwako?"

Alitoka nje akamwita mwanamke wa nyumba ya tatu aliyekuwa ananyonyesha. Mwanamke yule akaja mbio, mtoto kiunoni, akampakata binti kichwa mapajani na kumkamulia maziwa ya titi lake machoni, jicho moja kisha jingine. "Fumbua, mama, fumbua," alikuwa akimbembeleza. "Mwanangu amekubali kukugawia." Kisha mume wa shangazi akampakia kwenye baiskeli, akamsukuma hadi hospitali ya misheni. Mtawa muuguzi aliyaosha macho kwa muda mrefu. Alipomaliza alimwambia shangazi, kwa sauti ya chini, kwamba siku mbili ni nyingi kwa jicho.

Mwalimu naye aliambiwa. Aliniita, akawasha moto nyuma ya darasa, akanikabidhi zile kadi kumi na nane nizitie mwenyewe motoni, moja moja, nikiwa nimesimama upande usio na moshi. Ukindu ulijikunja, magamba yakapasuka kama bisi.

Asubuhi ya Noeli tulizunguka wodini na kadi zilizobaki, kila kitanda kadi moja, Mkristo na Mwislamu. Binti wa jirani alikuwa kitanda cha mwisho, macho yote mawili yamefungwa kitambaa. Shangazi alimwekea kadi mkononi. Alipitisha vidole juu yake polepole: mchanga, sufi, ukindu, vitundu vya ukingoni.

"Hii nimetoboa mimi," akasema. "Na hori limelegea, amesuka mtu wa bara." Halafu akauliza, "Yupo hapa?"

"Yupo," shangazi akajibu.

Akangoja. Wote wakangoja. Nilijua neno linalotakiwa, lakini nilijisogeza nyuma ya shangazi. Nikajiambia nitamwambia akifunguliwa macho.

Walimfungua baada ya wiki. Jicho la kulia lilikuwa salama. La kushoto liliota chamba cheupe, na halikuona tena. Nikajiambia nitamwambia akirudi nyumbani. Alirudi, akakaa barazani na sindano yake, akajifunza kugeuza kichwa upande kama kuku anayetazama punje. Hakunikumbusha. Alinitania kama zamani, alinicheka nilipokosea, alitoboa kadi za Noeli iliyofuata na iliyofuata tena. Wema wake ulinirahisishia kuahirisha.

Kisha vita vikaisha, meli zikarudi, na kadi za Ulaya zikaja na theluji yake. Meza ndefu ikapelekwa jikoni kwa watawa. Nasikia mwalimu alifariki miaka mingi iliyopita, na mikorosho ile imekatwa. Sijui kama yupo mtoto hata mmoja leo anayejua kukausha magamba kwa ndimu. Nimewasimulia watu wengi juu ya sufi na ukindu na karatasi ya fedha, kwenye treni na kwenye mikahawa, na wote hupenda kusikia. Habari ya gundi huwa siwaambii.

Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipochaguliwa kwenda shule ya sekondari bara. Binti wa jirani kwa wakati huo alikuwa amewekwa ndani mwaka mzima, kama desturi ya mabinti wakubwa ilivyokuwa, na hakuonekana tena barazani. Wiki moja kabla ya safari yangu walikuja watu wa Kaole kuposa. Wanawake wao waliingia chumbani kumwona. Walitoka upesi, wakashukuru kwa kahawa, wakasema watarudi. Niliyasikia yote kupitia makuti, na nilimsikia mama yake akikusanya vikombe.

Siku ya kuondoka, lori likiwa limeshapakiwa, nilikwenda jirani.

"Hodi, mama. Nimekuja kuaga."

"Karibu, baba. Umekuwa mtu mzima. Mungu akufikishe salama."

Mlango wa chumba ulikuwa na pazia. Nilijua yuko nyuma yake, maana nilisikia uzi ukivutwa kwenye kitambaa. Nikapaza sauti ili anisikie.

"Nimekuja pia kuomba radhi. Ya jicho."

Uzi ukanyamaza. Mama yake akainama juu ya kofia yake.

"Miaka mitatu nimekaa na wewe baraza moja," sauti ikatoka nyuma ya pazia, "nangoja uniambie hilo huku unanitazama. Sasa unaliambia pazia."

Lori likapiga honi. Nilisimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa.

"Nenda," akasema, na sauti yake haikuwa na hasira. "Utaachwa."

Nikatoka, nikapanda juu ya magunia, na sijakanyaga tena Bagamoyo.