Mlio wa Gurudumu la Kushoto

Jumamosi tulipeleka pikapu kwa fundi, kule mjini Chepseon. Ilikuwa inanguruma huko nyuma, na ukiongeza spidi mngurumo unapanda. Mama ndiye aliyemwambia baba. Baba akadhani ni bodi inagonga kebini, akashindilia magunia ya majani chai katikati. Mlio ukabaki vile vile, lakini yeye akasema umepungua.

Tuliingia barabarani, baba akiendesha, mimi katikati, fundi dirishani. Fundi akamwomba ayumbishe gari huku na huku. Uzito ukilalia gurudumu bovu, litapiga kelele zaidi. Baba akasema ni nyuma kulia. Fundi akasema yeye anasikia kushoto. Walibishana mpaka tukarudi gereji, baba akisisitiza kwamba gari ni lake na kushoto hakufunguliwi.

Fundi akanigeukia. "Na wewe umesikia wapi?"

Kwetu mtoto hamkosoi baba yake mbele ya watu. Nikatazama viatu vyangu.

"Kushoto," nikanong'ona.

"Amesema nini?" baba akamuuliza fundi.

"Amesema kushoto, mzee. Kwani masikio uliyaacha kiwandani?"

Vijana waliokuwa wakiziba tairi wakacheka. Baba alisimamia mashine zenye kelele za kusaga majani ya chai tangu sijazaliwa mpaka juzi alipostaafu. Alimpa fundi ufunguo na kusema afungue kushoto.

Beringi ya gurudumu hilo ilitoka imekwanguka, imeungua mpaka ikawa na rangi ya bluu. Sikusikia raha yoyote ya kuwa nimepatia. Kwanza niliona aibu kuwa yule mzee anayechekwa ni wangu. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Halafu aibu ikanigeukia mimi. Mwaka huu wote nikiongea na baba hanijibu, nami nikaamua hana haja na msichana wa kunong'ona kama mimi. Nikamnunia. Chai yake nilikuwa naiweka mezani na kuondoka.

Tukirudi nyumbani na beringi mpya, baba akauliza kama mlio umeisha. Nikasema umeisha. Aliendelea kutazama barabara, shingo imeinama kidogo upande wangu, bado anangoja.

"Umeisha, baba!"

Sauti hiyo sijawahi kuitoa hata kanisani. Akina mama waliokuwa wakichuma chai kando ya barabara waliinua vichwa, uso wangu ukawaka moto.

"Haya," akasema, akabadilisha gia.