Kona ya Nyuma ya Jiko

Kila mwaka, Oktoba ikifika katikati, huomba likizo ya wiki mbili na kupanda basi kwenda Tabora kusafisha uwanja wa mama. Wenzangu kazini hunicheka. Wao likizo zao ni za Desemba, za pilau na soda. Mimi naenda wakati jua limeshachoma kila kitu na vumbi linaingia hadi kwenye meno, tena naenda kufyeka. Lakini kwetu kazi ya bustani ina wakati wake, na wakati wenyewe ndio huo, kabla mvua ya kwanza haijashuka. Tawi usilolipunguza sasa litakuja kuangukia bati upepo wa mvua ukianza. Ukoka usioufyeka sasa utaficha nyoka. Na ua wa minyaa ukiuacha mpaka unywe maji, ukija kuugusa unakurushia utomvu mweupe mpaka uukimbie.

Hayo yote nilifundishwa na baba. Tulianza na miti: mkrismasi wa mbele, mpera, na mlimau ulioegemea bafu. Kisha majani ya chini. Ua tuliuacha mwisho, maana mnyaa una adabu zake. Unaukata ukiwa umeupa upepo mgongo, mikono mirefu ya shati imefungwa vifungo, na hata jasho likikuingia machoni hujifuti kwa kiganja. Utomvu ule ukiingia jichoni utalia siku nzima. Baba alikata polepole, hatua kwa hatua, akipiga miluzi, na mimi nikimfuata na reki.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa mstari. Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, na kitu kilichopinda kinanikera kama kokoto kwenye kiatu. Sasa ua wetu ulikuwa umenyooka pande zote isipokuwa kona moja, nyuma ya jiko la nje. Hapo palikuwa na kichaka cha mnyaa kilichosimama peke yake, hatua moja ndani ya uwanja, kinene kama pipa, kimepinda, na ua wenyewe ukijikunja kukizunguka. Baba akifika hapo alikuwa anapunguza ncha tu kisha anaendelea.

"Pale paache," alikuwa akiniambia.

Siku moja, nikiwa sekondari, nilikivamia na panga. Alinishika mkono, akalichukua panga, akanituma nikakusanye majani upande wa mbele. Nikajipa jibu mwenyewe: mzee akifika kona ile jua limeshapanda, ana njaa, anataka kumaliza. Uvivu tu. Hadithi hiyo nilimsimulia mke wangu miaka na miaka, na tulikuwa tukicheka.

Mama naye alikuwa na lake. Kila asubuhi akishanawa uso, maji yanayobaki kwenye kopo alikwenda kuyamwaga shinani mwa kichaka kile. Nalo nikalipatia jibu: hataki tope uani. Nilikuwa hodari wa majibu.

Baba alipofariki, kazi ikawa yangu peke yangu. Mwaka wa kwanza nilikizunguka kichaka kwa heshima yake, na wa pili vilevile. Mwaka wa tatu nilipofika nilikuta mama anafunga mzigo, anakwenda Usinge kumwangalia mdogo wake aliyetoka kufanyiwa upasuaji. Akaniachia funguo na maharage ya kuchemsha, akapanda treni. Nikabaki na siku nne na uwanja wote.

Nilitaka arudi akute uwanja kama mchoro. Nilipunguza miti, nikafyeka, nikachoma majani makavu, kisha nikafunga kamba kutoka nguzo ya mwanzo hadi ya mwisho na kuukata ua nikiifuata kamba, hata pale ulipojikunja. Kichaka kilikuwa kimetokeza ndani, kinanikodolea macho. Nikasema baba ameshapumzika, sasa nimmalizie kazi yake. Nilikata matawi kwa panga, shina kwa shoka, mizizi nikaifukua kwa sululu. Ilikuwa mizizi mingi kuliko nilivyotarajia. Udongo wa pale haukuwa kama mchanga wetu mwekundu. Ulikuwa mweusi, laini, una unyevu wakati nchi nzima imekauka, na nikafurahi, nikaujaza kwenye toroli na kwenda kuutandaza kwenye mawaridi ya mama pale barazani. Shimo nililifukia kwa mchanga wa barabarani, nikaukanyaga, nikausawazisha kwa reki, nikapandikiza ukoka juu yake. Matawi yakaondoka na mtu wa mkokoteni kwenda jalalani.

Utomvu uliniingia jicho la kushoto, likavimba. Hata hivyo nilipiga picha kwa simu na kumtumia mke wangu. Ua wote, kona hadi kona, ulikuwa umenyooka.

Mama alirudi na treni, akafika nyumbani na bajaji saa sita mchana. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniuliza jicho limefanyaje. Nikamwambia minyaa. Akasema mdogo wake anaendelea vizuri, ameanza kula. Alisifu mkrismasi, akasifu mawaridi, akashangaa yalivyonawiri kwa siku chache. Mimi nilikuwa nangoja. Sikutaka kumwambia, nilitaka aone mwenyewe. Akachota maji kwenye kopo, akanawa vumbi la safari, akaelekea nyuma na maji yaliyobaki. Nikamfuata kama mwanafunzi anayesubiri maksi.

Alisimama pale kwenye ukoka mpya. Akatazama ua, akatazama chini, akatazama ua tena. Nikaanza kumweleza habari za kamba.

"Ulichimba kina gani?" akauliza.

Nikamwonyesha goti langu.

"Uliona kitu?"

Nikasema hapana, niliona mizizi tu.

"Lakini uliangalia?"

Nikamjibu kwamba sikuangalia, kwani nilikuwa na nini cha kuangalia. Mama akakaa chini, mchangani, na kanga yake safi ya safari, kopo likiwa bado mkononi. Sijawahi kumwona akikaa hivyo, hata siku ya msiba wa baba alikaa mkekani kama watu.

Alinieleza bila kupandisha sauti. Kabla yangu alizaliwa msichana. Aliishi siku nne. Katika ukoo wetu wakati ule, mtoto akifa kabla hajatolewa nje watu wakamwona, alizikwa humo humo uani na wanawake wa nyumba. Hakukuwa na matanga, hakukuwa na jina, na mama mtu hakutakiwa kulia akasikika. Siku ya pili yake alipewa ufagio. Baba hakuweza kushindana na wazee wake. Lakini jioni ile alivunja tawi la mnyaa akalichomeka upande wa kichwa, ili mke wake ajue ni wapi. Tawi likashika. Ua ulikuja kupandwa miaka miwili baadaye, na baba aliupanda kwa kuupindisha makusudi, ili mtoto awe ndani ya uwanja, asiwe nje.

Kwa hiyo kilichokuwa kimepinda ni ua, na kilipindishwa na mtu aliyejua kunyoosha.

Nikamuuliza mbona hawakuniambia. Akasema nilipozaliwa watu walisema huyu ndiye mtoto wao wa kwanza, na wao wakawaacha waseme. Baada ya hapo ikawa vigumu kupata pa kuanzia.

Nililia. Jicho lilikuwa likichuruzika tangu juzi yake, sikuwa na haja ya kuficha. Niliona aibu ya kila mara niliyomsimulia mke wangu uvivu wa baba, nikaona aibu ya ile picha. Moyo wangu ulivunjika pale nyuma ya jiko, na sijui kama umeunga tena.

Nikakimbilia kutengeneza, ndiyo tabia yangu. Nilikwenda kwenye mawaridi nikaufukua ule udongo mweusi kwa mikono. Lakini nilikuwa nimeshauchanganya na samadi na kuumwagilia siku mbili. Nikarudisha toroli mbili za kitu cheusi, bila kujua kilikuwa nini na kilichobaki kule kilikuwa nini. Kisha nikavunja tawi kwenye ua, nikamwomba mama anionyeshe mahali.

Alisimama. Akasema hapa. Akatazama mlango wa jiko, akasogea kushoto hatua moja, akasema hapana, ni hapa. Akageuka kuutazama mlimau, akarudi kulia. Miaka hamsini alikuwa akienda moja kwa moja bila kufikiri, kwa sababu kichaka kilikuwepo. Mimi nilikuwa nimepima ua mzima kwa kamba, na kipimo cha mahali pale sikuwa nacho. Nilisawazisha vizuri mno.

Nikasema tuchomeke hapo hapo alipokuwa amesimama, panatosha. Akanishika mkono, kama baba alivyonishika zamani.

"Usichomeke, baba," akaniambia. "Ukikosea, nitakuwa namwagia mahali asipokuwepo."

Hakunigombeza siku ile, na hajanigombeza tangu hapo. Nilipoondoka alinifungia asali ya Ipole na karanga kama kila mwaka, akanisindikiza hadi getini. Mara nyingi nimetamani anigombeze.

Ua wa kona ile sijaukata tena. Umeota upendavyo, na majirani wanadhani nimeanza kuzeeka. Miti naipunguza, ukoka naufyeka, nikifika nyuma ya jiko naweka panga chini. Oktoba iliyopita nilikuwa nimekaa kizingitini asubuhi nikinoa fyekeo, mama akatoka na kopo lake. Siku hizi anatembea kwa shida, goti linamsumbua. Alianzia kwenye nguzo, akamwaga kidogo, akasogea, akamwaga kidogo, akasogea, akiifuata kona yote kwa matone matone ili asimruke. Maji yakamwishia katikati. Akarudi bombani kuchota mengine.

Nikainuka kumpokea kopo. Akanikatalia, akasema atamaliza mwenyewe, kwamba siku hizi kopo moja halitoshi.